Vitambaa vya jikoni vya kufuliwa: tatizo si kitambaa, ni kuwa na kimoja tu

Mwanzishaji uzi (Mamboleo, Kisumu)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nimeona katika nyuzi kadhaa watu wakishauriana kuacha karatasi za jikoni na kurudia vitambaa vya kufuliwa, na kila mara mjadala huishia kwenye bei: karatasi ni ghali, kitambaa ni cha bure. Ni kweli, lakini kwa maoni yangu hapo sipo penye kazi. Nyumba nyingi za huku kwetu hazijawahi kuzoea karatasi hizo. Zimetumia kitambaa tangu zamani, na kasoro yake ni kwamba kitambaa chenyewe ni kimoja. Hicho kimoja ndicho kinachopangusa meza, kinachokausha sahani, kinachoepulia sufuria na kinachofuta mikono iliyotoka kupara samaki, kisha usiku kinakunjwa kikiwa bado kibichi na kuachwa kando ya sinki, ili asubuhi kianze na vikombe vya chai.

Ninachotaka kujadili ni hiki: kitambaa cha kufuliwa huwa salama pale vinapokuwa vingi, kila kimoja kikiwa na kazi yake, na kila kimoja kikipata muda wa kukauka kabisa kabla hakijarudi kazini. Sabuni, maji ya moto na dawa ni mambo ya kufuata nyuma ya hilo, wala hayawezi kulitangulia.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mauritius walitangaza matokeo ya kuchunguza vitambaa 100 vya jikoni vilivyokuwa vimetumika kwa mwezi mmoja. Vitambaa 49 viliotesha bakteria maabara. Jambo lililonivutia zaidi ya idadi hiyo ni mahali bakteria hao walipoelekea. E. coli, ambao uwepo wao huashiria uchafu wa kinyesi, walipatikana zaidi katika vitambaa vyenye unyevu kuliko vikavu, zaidi katika vitambaa vya kazi nyingi kuliko vya kazi moja, na zaidi katika nyumba zinazopika nyama kuliko zisizopika. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba ni maelezo kamili ya kile kitambaa kimoja cha kando ya sinki.

Sababu yake haihitaji maabara kueleweka. Bakteria wanataka maji, chakula na joto. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae kati ya nyuzijoto 5 na 60 kwa muda mrefu, kwa kuwa katika kiwango hicho vijidudu huongezeka kwa kasi, na katika mazingira yanayowafaa baadhi yao huzaana maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Joto la jikoni mwa Kisumu limo ndani ya kiwango hicho mchana na usiku. Kitambaa kibichi chenye mabaki ya mchuzi kina vyote vitatu, ilhali kikikauka kinakosa maji, na bila maji kuzaana husimama.

Kuhusu aina ya kitambaa, niseme wazi kwamba sipendi taulo nene. Taulo yenye vinyweleo hunywa maji mengi, lakini huyashikilia, na siku ya mawingu hailali kavu. Kwa kazi ya kila siku napendelea kitambaa chembamba cha pamba: leso kuukuu iliyokatwa vipande na kupindwa kingo, shuka la zamani, au fulana iliyochakaa. Leso ambayo imefuliwa kwa miaka mingi ni bora kuliko mpya, kwa sababu ile rojo ya kiwandani inayofanya leso mpya kuwa ngumu imekwisha, na uzi uliobaki unakunywa maji papo hapo. Kwa sababu hiyo hiyo, kitambaa chochote kipya kifuliwe kabla ya kutumika.

Kwa wanaonunua mitumba katika soko la Kibuye, kuna jaribio rahisi la kufanya nyumbani. Dondosha tone la maji juu ya kitambaa. Likizama mara moja, kitambaa kinafaa, lakini likisimama kama shanga, hicho kitahamisha maji kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine tu. Ukitaka uhakika zaidi, chomoa uzi mmoja na uuchome kwa uangalifu: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, lakini poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kidonge hicho ndicho kitakachoganda mkononi mwako siku utakapoepulia sufuria kwa kitambaa cha poliesta.

(Inasikitisha kidogo kwamba tunazungumzia pamba ya mitumba katika mji uliokuwa na kiwanda chake cha nguo, KICOMI, na katika ukanda ambao Busia, Siaya na Homa Bay zimelima pamba kwa miaka mingi. Lakini huo ni uzi mwingine.)

Sasa mgawanyo. Kwangu kuna vitambaa vya kukaushia vyombo safi, vya mikono, vya kupangusia meza na kaunta, vya kuepulia, na matambara ya sakafu na masizi ya jiko. Usitegemee kumbukumbu ya watu, hasa katika nyumba yenye watoto na wageni. Tegemea macho. Vya vyombo viwe vyeupe au vya rangi moja, vya meza viwe vya maua, na kila kundi liwe na msumari wake ukutani. Tambara la sakafu lisilale chumba kimoja na vingine. Cha kuepulia kiwe kikavu daima, kwa kuwa maji hupitisha joto haraka kuliko nguo kavu, na anayeepua sufuria ya ugali kwa kitambaa kibichi huunguzwa na mvuke kabla hajafika mezani.

Karibuni tuongee.

Mchangiaji (Free Area, Nakuru)

Dada, nimesoma kwa makini, na hoja ya unyevu nimeikubali. Lakini umeandika kama mtu mwenye mfereji unaotoka maji kila siku. Huku mtaani kwetu kuna siku tunanunua maji kwa mtungi wa lita 20, na unaponiambia niwe na makundi matano ya vitambaa nasikia makundi matano ya kufua. Je, hesabu ya maji umeifanya?

Mwanzishaji uzi

Swali lako ni la haki. Vitambaa vingi haviongezi ufuaji kwa kiasi unachodhani, kwa kuwa uchafu wa jikoni ni ule ule, umegawanywa tu. Tofauti ni kwamba badala ya kukisuuza kitambaa kimoja mara nyingi kwa siku kwa maji ya kumwaga, unakitoa kazini kikiwa kimechafuka, unakianika kikauke hata kabla ya kukifua, kisha unavifua vyote pamoja. Kitambaa kichafu kilichokauka kinaweza kusubiri siku ya kufua bila kuvunda. Kichafu na kibichi hakiwezi.

Pia uchafu mzito usiupe kitambaa. Sahani yenye mafuta ya nyama ipanguzwe kwanza kwa kipande cha gazeti au kwa ganda la hindi, na ugali ulioganda uloweshwe kwenye sufuria. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo za kawaida yanafaa kabisa kuwa maji ya kwanza ya kuloweka matambara ya sakafu na ya jiko. Vya vyombo tu ndivyo visivyopaswa kuonja maji yaliyotumika.

Mama wa Dunga (Kisumu)

Wanangu, mimi nyumba yangu ni ya samaki, kwa biashara na kwa chakula. Vitambaa ninavyo vingi, vinakauka vizuri, na bado harufu haitoki. Nikivichemsha ndiyo kwanza harufu inazidi. Nisaidieni hapo.

Mwanzishaji uzi

Shikamoo, mama. Nadhani kinachokusumbua ni mpangilio wa joto. Damu, ute wa samaki, yai na maziwa vyote vina protini, na protini ikikutana na maji ya moto huganda, sawa na yai linavyoganda kwenye kikaango. Ukianza kwa maji ya moto, unaushikiza ute ndani ya uzi. Kwa hiyo anza na maji baridi, bila sabuni, ukikamua mpaka maji yatoke meupe. Baada ya hapo ndipo sabuni na maji ya moto vinaingia, kwa ajili ya mafuta, ambayo kwa upande wao hayasikii maji baridi hata kidogo.

Ile harufu iliyobaki hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali zenye asili ya alkali, ambazo tindikali huzibadilisha ziache kuruka hewani. Ndiyo maana tunakamulia samaki limau. Suuza kitambaa mara ya mwisho kwa maji yenye maji ya limau au siki kidogo, kisha kianikwe juani.

Nikuombe jambo moja kwa uzito: siku unayotumia siki au limau, usitumie dawa ya klorini, ile ambayo wengi tunaiita Jik hata chupa ikiwa na jina lingine. Tindikali ikikutana na dawa hiyo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Usiichanganye pia na dawa za kusafishia zenye amonia.

Mchangiaji (Kakamega)

Hapa kwetu asubuhi jua linawaka, alasiri mvua inapiga, na hali hiyo hudumu kwa miezi. Vitambaa vinaanuliwa vikiwa nusu, vinalala ndani, asubuhi vina ule uvundo ambao hata sabuni ya unga yenye manukato haiufichi. Nimeshauriwa niweke dawa ya kulainishia nguo. Mnasemaje?

Mwanzishaji uzi

Kwa vitambaa vya jikoni ningeiacha kabisa. Dawa ya kulainisha hufanya kazi kwa kuacha utando juu ya nyuzi, na utando huo ndio unaofanya kitambaa kikatae maji. Utapata kitambaa kinachonukia vizuri na kisichokausha chochote.

Uvundo huo ni kazi ya bakteria waliobaki ndani ya kitambaa na kupata unyevu tena. Manukato yanaufunika tu. Dawa yake ni kuchemsha. Loweka, fua kwa sabuni, kisha chemsha vitambaa kwa dakika 10 au zaidi katika chombo kisichotumika kwa chakula. Kama vimejaa mafuta, tia kijiko cha magadi, yale yale ya kupikia mboga. Magadi ni ya alkali, na alkali hugeuza sehemu ya mafuta kuwa kitu kama sabuni ambacho maji huweza kukibeba. Bibi zetu wa Magharibi walilijua hilo kwa maji ya majivu kabla duka halijafika kijijini.

Ila msitie magadi kwenye sufuria ya alumini. Alkali huila alumini na kuifanya nyeusi, na sufuria zetu nyingi ni za alumini. Tumia ya chuma kisichoshika kutu, au ile ya bati lililopakwa enameli. Na vitambaa vya mchanganyiko wa poliesta visichemshwe hivyo, kwa kuwa vitajikunja na kupoteza umbo.

Kuhusu mvua, fua asubuhi na mapema na si jioni, kamua kwa watu wawili, na anika kila kipande peke yake bila kukikunja juu ya kamba. Kipande chembamba cha leso hukauka kabla ya saa sita kama jua lipo. Kilichobaki kibichi kikamilishwe kwa pasi. Nimeona wengine wakivitundika juu ya jiko la makaa usiku. Hapana, tafadhali. Kitambaa kinaweza kuanguka juu ya moto, na kama kina mafuta kitawaka haraka.

Mchangiaji (Nakuru, si yule wa kwanza)

Niongeze swali la urefu wa nchi. Tunaambiwa huku juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzijoto 100. Kuchemsha kwetu kunatosha kweli?

Mwanzishaji uzi

Kunatosha. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na maji yake huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, huchemka kwenye 94 hivi. Bakteria wa kawaida wanaoleta magonjwa ya tumbo hufa kwenye joto la chini ya hapo, mradi joto lifike ndani ya kitambaa na lidumu. Kumwagia tu maji ya birika juu ya rundo la vitambaa ni jambo jingine, kwa sababu maji hayo hupoa yakigusa nguo baridi na beseni baridi.

Mchangiaji (Webuye)

Mimi nitakuwa mpinzani. Nimelelewa katika mji wa karatasi, nimeona kiwanda cha Pan Paper kikifungwa mwaka 2009, na sioni aibu kutetea karatasi. Ukikata kuku mbichi, maji yake yakamwagika kwenye kaunta, utaniambia niyapanguse kwa kitambaa cha maua? Karatasi unapangusa, unatupa, umemaliza. Ninyi mnaopigia debe vitambaa mnasahau kwamba kila kitambaa ni mzigo wa mtu fulani, na mtu huyo mara nyingi ni mama au msichana wa kazi.

Mwanzishaji uzi

Ndugu wa Webuye, kwa kuku mbichi nakuunga mkono. Kama una karatasi, itumie hapo hapo. Kama huna, kitambaa kilichogusa maji ya nyama kiende moja kwa moja kwenye ndoo ya kufua, kisiguse kitu kingine chochote, na kaunta ioshwe kwa maji na sabuni. Anayekirudisha kwenye msumari ameharibu mpango wote.

Kuhusu mzigo wa kazi, umesema jambo ambalo wengi hulikwepa. Nyumba ikiamua kutumia vitambaa, kila mtu akianike chake baada ya kukitumia, wakiwemo wanaume na wavulana. Hata hivyo, karatasi kwa kila kazi sikubaliani nayo. Tunazilipia ziingie ndani na tunalipia ziondolewe, na karatasi iliyojaa mafuta haifai hata kwa wanaookota karatasi za kuuza. Kwa nyumba inayopangusa meza mara tatu kwa siku, kitambaa kinashinda bila ubishi.

Mwenye hoteli ndogo (Kondele, Kisumu)

Nami nina swali la kibiashara. Wateja wakinawa hupenda wapate taulo ya mikono. Nimeweka moja, naibadilisha kila siku. Na vyombo tunavikausha kwa kitambaa ili visikawie, kwa kuwa saa ya chakula cha mchana watu ni wengi. Nifanye nini zaidi?

Mwanzishaji uzi

Ya mikono iondoe leo. Taulo moja ya watu wengi huwarudishia uchafu wale walionawa vizuri kutoka kwa wale waliolowesha vidole tu, na kuibadilisha jioni hakumsaidii aliyeitumia saa saba mchana. Wateja wapunge mikono ikauke, au uweke karatasi. Hapa ndipo ndugu wa Webuye anapata haki yake.

Kwa vyombo, jibu bora si kitambaa kabisa. Jenga uchanja. Maafisa wa afya ya jamii wameuhimiza vijijini kwa miaka mingi, nasi tunapohamia mjini tunauacha kana kwamba ni alama ya umaskini. Chombo kilichooshwa, kikasuuzwa kwa maji safi na kuinamishwa juani kwenye uchanja hukauka bila kuguswa na chochote. Kama nafasi ni finyu, rafu ya waya juu ya sinki hufanya kazi hiyo. Ongeza sahani na vikombe vya akiba ili saa ya msongamano usilazimike kukausha kwa haraka. Kitambaa cha vyombo kibaki kwa visu na sufuria unayoihitaji sasa hivi, na kibadilishwe mara kinapolowa, hata kama hakijachafuka.

Mchangiaji (Kakamega)

Na klorini? Kwa hoteli kama hiyo si ingekuwa rahisi kuloweka vitambaa usiku kucha kwenye dawa?

Mwanzishaji uzi

Rahisi, ila ina masharti. Klorini humalizwa nguvu na uchafu, kwa hiyo kitambaa kifuliwe kwanza na kusuuzwa, ndipo kiingie kwenye dawa. Maji yawe baridi, kwa kuwa joto huiharibu dawa kabla haijafanya kazi. Kipimo na muda vifuate maandishi ya chupa yenyewe, kwa kuwa nguvu hutofautiana. Usiku kucha ni kupita kiasi: klorini hula pamba, na baada ya muda kitambaa kitachanika ukikikamua. Mwenye nafasi ya kuchemsha achemshe, na dawa aiweke kwa siku ambazo nyumbani kuna mgonjwa wa kuhara.

Mchangiaji (Free Area, Nakuru)

Swali la mwisho kwangu, dada. Nitajuaje kwamba kitambaa kimefika mwisho, na nikitupe wapi?

Mwanzishaji uzi

Kikianza kuacha nyuzi kwenye glasi, au uvundo ukibaki hata baada ya kuchemshwa na kukauka juani, kishuke daraja. Cha vyombo kiwe cha meza, cha meza kiwe cha masizi au cha kufutia baiskeli, na kisipande tena. Kikate kona moja ili wote nyumbani wajue kimeshuka. Kikimalizika kabisa, cha pamba tupu ambacho hakina mafuta ya mashine kinaweza kukatwakatwa na kuchanganywa na mbolea ya shambani, kwa kuwa kitaoza. Cha mchanganyiko wa poliesta hakiozi vivyo hivyo, na kitabaki udongoni kama nyuzi za plastiki, kwa hiyo kiende kwenye taka za kawaida.

Hilo pia ndilo linalonifanya nisite kuhusu vile vitambaa laini vya nyuzi ndogo sana za plastiki vinavyouzwa kwa pakiti. Vinafuta mafuta kwa maji matupu, sikatai, lakini huachia vipande vidogo vya nyuzi kila vinapofuliwa, na maji ya kufulia ya mji huu yana njia nyingi za kufika ziwani. Aliye navyo avitumie mpaka viishe. Asiye navyo aangalie kwanza kabatini kama kuna leso ambayo haivaliwi.